Jibu kwa Bwana Mlipaji juu ya Fomu za Mkopo

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika karatasi yetu nipate kumjibu mwenzetu aliyejiita "Mlipaji", ambaye katika toleo lililopita alipinga shauri la tawi letu la kuwasaidia vijana wamalizao Kidato cha Sita kuomba mkopo wa masomo ya Chuo Kikuu. Waraka wake niliusoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa utulivu, maana mwandishi yule ana Kiswahili kizuri na hoja zake si za mtu mjinga. Wengi wetu tuliousoma tulitikisa vichwa kwa kukubali. Mimi mwenyewe zamani nalikuwa na mawazo kama hayo, na nitaeleza hapa chini yalivyonitoka.

Mlipaji asema mambo matatu. Kwanza, asiyeweza kujaza fomu yake mwenyewe hastahili kwenda Chuo Kikuu. Pili, chama chetu kiliundwa kwa ajili ya mishahara, vyeo na likizo za watumishi, wala si kwa ajili ya wanafunzi. Tatu, yeye hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi kulipa mkopo aliosomea, na kwa hiyo haoni sababu ya kukatwa tena Jumamosi yake. Nitaanza na hili la kwanza, kwa sababu ndilo lenye sumu.

Ati asiyeweza kujaza fomu! Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba kijana ameketishwa mezani, akapewa karatasi moja yenye nafasi za kuandika jina, umri na kijiji, akashindwa. Laiti ingekuwa hivyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Mwombaji hulipa shilingi 30,000 kwa namba ya malipo anayopewa, huandika habari zake katika kompyuta, kisha huchapa fomu, huipeleka kwa kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji ili aisaini na kuipiga mhuri, huipeleka kwa hakimu au wakili ili aape mbele yake, humtafuta mdhamini mwenye kitambulisho, kisha hurudi kwenye kompyuta na kuzipandisha karatasi zote. Katika hayo yote ni jambo gani linalopima akili? Akili yake ilikwisha kupimwa na Baraza la Mitihani. Kinachopimwa hapa ni umbali wa nyumba yao kutoka ofisini, na kama kuna mtu katika ukoo wao aliyepata kufanya kazi ofisini.

Lakini hayo ni mepesi. Jambo zito ni vyeti. Mwombaji wa Bara lazima awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na mwenzake wa Zanzibar hupeleka chake kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kule. Kanuni ni njema, kwa kuwa ilikusudiwa kuzuia vyeti vya uongo, na vyeti vya uongo vilikuwapo. Walakini tuhesabu miaka. Kijana anayeomba mkopo leo alizaliwa karibu na mwaka 2006 au 2007. Katika siku hizo mzazi wa kijijini alitakiwa asafiri mpaka makao ya wilaya kumwandikisha mtoto, arudi tena kuchukua cheti, na alipe ada. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Tanzania Bara watoto wa chini ya miaka mitano wenye cheti cha kuzaliwa walikuwa kama asilimia 13 tu. Mpango wa kuwaandikisha watoto wadogo bila ada, karibu na nyumbani kwao, ulianza kuenea mwaka 2013 kutoka Mkoa wa Mbeya. Basi kijana wetu alizaliwa kabla neema ile haijamfikia, na alipofika darasani alikwisha kupita umri wa kuandikishwa nayo. Alisoma shule ya msingi bila cheti, akasoma sekondari bila cheti, na hakuna aliyemwuliza. Anaulizwa siku anapohitaji mkopo.

Tena kuna yatima. Fomu yauliza kama mzazi yu hai au amekufa, na kijana akijibu kwamba amekufa, hutakiwa alete cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Najua nyumba moja ambayo kaburi la baba liko nyuma ya jiko, na mtu akiketi barazani analiona. Cheti hakipo, kwa kuwa marehemu alifia nyumbani akazikwa siku ile ile, wala hakuna aliyefikiri kwamba kufa nako huombewa karatasi. Mbele ya kompyuta mtoto yule ana baba. Na kwa kuwa kiasi cha mkopo hupimwa kwa uwezo wa wazazi, baba huyo aliye kaburini atahesabiwa katika mizani kama mtu awezaye kulipa ada.

Sasa nitasema habari yangu, ingawa si ya sifa. Mimi ni karani wa masjala, na elimu yangu ni ya sekondari ya misheni. Miaka michache iliyopita nalikuwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na kazi yangu ilikuwa kupokea maombi ya vyeti vya kuzaliwa na kuyakagua kabla hayajamfikia mkubwa wetu. Siku moja asubuhi alikuja kijana pamoja na bibi yake. Kijana alisimama, bibi akaketi kwenye benchi na fimbo yake. Akanisalimu, "Shikamoo, Bwana Karani," nikaitika, nikazichukua karatasi. Katika cheti cha ubatizo aliitwa Yohana, na katika cheti cha shule aliandikwa John. Nalimwambia kwamba majina hayakubaliani, aende akalete barua kutoka shule. Alikwenda.

Alirudi baada ya wiki moja na barua ya shule. Nikaiangalia, nikamwambia kwamba barua ya mtendaji wa kijiji haikutaja mwaka wa kuzaliwa. Alikwenda. Alirudi mara ya tatu, na safari hii nikagundua kwamba jina la ukoo la mama yake limekosewa herufi moja. Bibi akainuka pale kwenye benchi, akaja mpaka mezani, akasema, "Mwanangu, si ungetuambia yote siku ile ya kwanza?" Nikamjibu kwamba ofisi ina utaratibu wake.

Mabwana, kanuni ilikuwa upande wangu kila mara. Hakuna mkubwa ambaye angenikemea. Lakini zile kasoro tatu zote zilikuwa katika karatasi tangu siku ya kwanza, na kama ningezisoma mpaka mwisho ningezitaja zote kwa muda wa dakika tano. Sikuzisoma mpaka mwisho. Nalikuwa nikiona kosa la kwanza nafunga jalada, kwa maana kosa moja lilinitosha kumwondoa mtu mbele yangu. Bibi yule alilipa nauli ya watu wawili mara tatu kwenda na kurudi kwa sababu ya uvivu wa macho yangu. Cheti kilipotoka, na kikapelekwa kuhakikiwa, dirisha la maombi ya mkopo lilikuwa limefungwa. Kijana alikuwa amekwisha kupata nafasi ya kusomea ualimu. Hakwenda, na mwaka uliofuata hakuomba tena. Sasa huendesha pikipiki ya abiria, na kituo chake ki karibu na ofisi ninayofanya kazi siku hizi. Hunisalimu kwa adabu kila asubuhi, na sijui kama ananikumbuka. Sijathubutu kumwuliza.

Mlipaji atanijibu kwamba kosa hilo ni langu, nisilitwike chama kizima. Kweli, kosa ni langu. Lakini namwuliza kila karani asomaye karatasi hii: wewe waliosimama mbele ya meza yako mwaka huu uliwaambia kasoro ngapi kwa siku moja? Maana karatasi zote za mkopo hupita mikononi mwetu. Msajili ni mtumishi, mtendaji ni mtumishi, karani wa mahakama ni mtumishi, mganga anayethibitisha ulemavu wa mzazi ni mtumishi. Bodi ile iliyoko Dar es Salaam haimwoni mtoto. Huziona karatasi tulizozitengeneza sisi, au tulizokataa kuzitengeneza.

Na kwa kuwa nimefika hapo, niseme neno moja la uchungu. Wako miongoni mwetu wanaotoza "maji ya kunywa" ili mhuri upigwe. Hawazidi wachache, nami sitaki kuwachafua wengi kwa ajili yao. Mtoto ambaye fomu yake yasema kwamba kwao hawana kitu hudaiwa shilingi 5,000 na mtu yule yule anayetia saini kuthibitisha kwamba hawana kitu. Sijui mtu wa namna hiyo husoma nini anapotia saini yake.

Hebu sasa Mlipaji anijibu jambo moja, naye ajibu kwa haki. Ana binti aliyeingia Chuo mwaka juzi, na sisi wa tawi hili tulimpongeza. Nani alikwenda kuhakiki cheti cha binti yule? Nani aliketi naye kwenye kompyuta ya nyumbani usiku? Nani alimwambia kwamba namba ya mtihani wa Kidato cha Nne atakayoandika katika ombi la mkopo lazima iwe ile ile aliyoombea nafasi ya Chuo, na kwamba akichanganya, ombi moja halitalijua lingine? Mlipaji alifanya hayo yote, na alifanya vema, kama baba apaswavyo. Wala hakusema siku ile kwamba asiyeweza kujaza fomu hastahili Chuo Kikuu. Mtoto wa karani ana karani nyumbani. Mtoto wa mkulima wa mihogo hana, naye humwendea mwenye duka la kuchapisha karatasi, aliye na wateja ishirini nyuma yake, ambaye hujaza upesi upesi, huweka namba ya simu yake mwenyewe mahali pa namba ya mwombaji, na jioni hufunga duka. Bodi ikituma habari kwamba kuna kiambatisho kisichosomeka, habari hiyo humfikia mwenye duka. Kijana hukaa kijijini akingoja.

Wengine hata dukani hawawezi kufika. Maombi hupokelewa katikati ya mwaka, na vijana wengi wakati huo wamo katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013. Mtoto yuko kambini, cheti kiko kwa shangazi, mdhamini yuko mjini, na mwenyekiti wa kijiji amekwenda msibani. Sina haja ya kuendelea.

Hoja ya pili ni kwamba chama hiki ni cha mishahara na vyeo. Mishahara ni jambo kubwa, nami sitaki kulipunguza. Mwezi ujao nitakuwa wa kwanza kunyosha mkono juu ya posho za uhamisho. Lakini Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha katika Tanga, mwaka 1922, chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, walikuwa watu wachache waliojua kusoma barua ya Serikali. Karani wa zama zile alipotoka kazini alikuta mlangoni kwake watu wenye bahasha mkononi. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo, na heshima ambayo jina la karani lilikuwa nayo mitaani ilitoka hapo, kuliko katika kofia na viatu. Bahasha za leo zimo ndani ya simu, na watu bado wako mlangoni.

Hoja ya tatu ni ya fedha, na hapa nitakwenda polepole, kwa sababu Mlipaji aweza kuniambia, "Wewe hukukopa, hukatwi, unajuaje uchungu?" Kweli mimi sikatwi. Lakini mdogo wangu ni mwalimu aliyesomea mkopo, na hati yake ya mshahara naijua. Sheria iliporekebishwa mwaka 2016, makato yalipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na wengi waliokuwa wamepanga maisha yao kwa hesabu ya kwanza walijikuta mwisho wa mwezi hawana nauli. Juu yake kulikuwa na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, ambayo ilifanya deni lisipungue hata kwa mtu aliyelipa kila mwezi, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza siku ya Mei Mosi mwaka 2021 kwamba inaondolewa. Uchungu wa Mlipaji ni wa kweli, na chama kikitaka kupigania makato yapunguzwe, mimi nitatia saini.

Ila uchungu huo umemfikisha mahali pasipo pake. Sehemu ya fedha wanayokopeshwa vijana wa leo hutoka katika marejesho ya hao wanaokatwa. Mtu anayetoa asilimia 15 ya jasho lake ana haki kuliko wote ya kuuliza zimekwenda kwa nani. Kama zimekwenda kwa mtoto wa mwenye gari, ambaye karatasi zake zilipangwa na mjomba aliye ofisini, na mtoto wa mjane amekosa kwa herufi moja, basi Mlipaji ndiye aliyedhulumiwa wa pili baada ya mjane. Ningemtazamia asimame mbele yetu kulilia jambo hilo. Badala yake amesimama mlangoni kulinda Jumamosi yake.

Wala fedha yenyewe si ya anasa. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, ambapo kabla yake ilikuwa 8,500. Ya vitabu na karatasi ni 200,000 kwa mwaka. Na ada, kwa aliyepangiwa, hupelekwa chuoni moja kwa moja. Aliyepata kulala na kula katika mji wowote wa nchi hii kwa shilingi 10,000 atajua kama huyo ametajirishwa.

Kuna neno lingine katika waraka wa Mlipaji ambalo nusura nilipite, nalo ni kwamba kuomba kunamzoeza kijana utegemezi, na kwamba aliyenyimwa akubali fungu lake. Nadhani amesahau habari za Mwalimu Nyerere. Alipoomba fedha za Serikali ya kikoloni ili akasome Uingereza, mara ya kwanza hakufanikiwa. Aliomba tena, akapata, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Pembeni yake alikuwapo Padre Richard Walsh wa Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, aliyemhimiza aende. Hata yeye, aliyekwisha kupita Makerere na alikuwa mwalimu kwa kazi, alihitaji ombi la pili na mtu wa kumhimiza. Kijana wa kijijini akikosa katika orodha za kwanza, Bodi humpa nafasi ya kukata rufaa, na rufaa nayo ina siku zake na viambatisho vyake. Nani atamwambia kwamba mlango huo upo, ikiwa mtu pekee mwenye kuzijua kanuni katika kata nzima amejifungia ndani kwa sababu ni Jumamosi?

Shauri la tawi, kwa wale ambao hawakuhudhuria mkutano, ni dogo sana. Kila mwanachama aliye tayari atachukua vijana wawili wa mtaa wake. Atasoma karatasi zao zote mpaka mwisho, atawaandikia kasoro zote katika karatasi moja, na atahakikisha namba ya simu iliyo katika ombi ni ya mwombaji au ya mtu wa nyumbani kwake. Hatapokea senti. Mimi niliongeza pale mkutanini jambo moja ambalo katibu hakuliandika, na naomba liandikwe sasa: tuwaendee wakuu wa shule za Kidato cha Tano na cha Sita zilizo karibu nasi, tuwaombe cheti cha kuzaliwa na majina yake vikaguliwe mtoto anapoingia Kidato cha Tano. Akigundua wakati huo kwamba yeye ni Yohana mahali pamoja na John mahali pengine, atakuwa na miaka miwili ya kurekebisha, badala ya wiki mbili za Agosti. Jambo hili halihitaji sheria mpya wala fedha. Lahitaji barua, na barua sisi twajua kuandika.

Mimi nimeanza. Mwenyekiti wa mtaa wetu amenipa meza na viti viwili katika ofisi yake, na huwa hapo kila Jumamosi tangu saa tatu asubuhi hata saa saba. Jumamosi iliyopita walikuja vijana tisa, nami peke yangu niliwamaliza watano, wanne nikawaambia warudi. Kiti cha pili ki tupu. Mlipaji akaa mtaa wa pili kutoka kwetu, na fomu ile aijua kuliko mimi, kwa kuwa aliijaza kwa ajili yake mwenyewe na tena kwa ajili ya binti yake. Akipenda kuja kunijibu kwa mdomo badala ya kalamu, aje na miwani yake.

Ni mimi,
Karani wa Masjala